Mashine za kupimia gari nyumbani: kabla hujanunua jua kwanza gari yako inaongea na nani

Wakuu, watu wengi sana wananiuliza "nataka mashine ya kupimia gari ya kukaa nayo nyumbani, ninunue ipi", na mimi kila mara narudisha swali, gari gani na ya mwaka gani. Kuna wanaokasirika kabisa, wanadhani nawazungusha. Lakini hapo ndipo hela za wengi zinapopotelea. Mtu anaangalia video ya Mmarekani anasifia kidude cha dola kumi, anaagiza, kinafika baada ya wiki kadhaa, anachomeka kwenye IST ya 2003, taa ya kidude inawaka vizuri tu, simu inazunguka weee halafu inaandika imeshindwa kuunganisha na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Anaenda kugombana na muuzaji. Kidude hakina shida, gari haina shida, ila hivyo vitu viwili havikutengenezwa vionane.

Kwa nini iko hivyo. Ule mfumo wa OBD2 ambao kila mtu anauzungumzia, yaani lugha moja ya pamoja ya gari kuongea na mashine ya kupimia, ulikuwa lazima Marekani kwa magari ya modeli za 1996 kuja juu. Ulaya wakafuata 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Japani wao walijivuta, sheria yao ilianza kubana 2008 huko, na kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuongea na mashine yake. Sasa kinachotudanganya ni soketi. Soketi ile ya pini 16 chini ya usukani iko kwenye Toyota nyingi za Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 90, umbo lile lile, pini zile zile, umeme wa betri kwenye pini ya 16 na eathi kwenye 4 na 5, kwa hiyo kidude chochote kitawaka taa. Kuwaka taa hakumaanishi kimeongea na gari! Kimekula umeme tu.

Na ndiyo maana ukisoma maoni ya Wakenya kuhusu kidude fulani unaona wanasifia, ukinunua wewe wa Dar au Mwanza kinakugomea. Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo barabarani kwao magari yaliyoingia miaka ya karibuni mengi ni ya miaka ya juu ambayo yanatumia CAN, yaani zile waya mbili za pini 6 na 14, na hayo karibu kila kidude kinayasoma. Sisi huku tunalipa ushuru wa uchakavu tunaingiza, basi mtaani kwetu bado kuna Mark II Grande, Corolla 110, Noah ile ya zamani, RAV4 ya milango mitatu, na yanatembea vizuri tu kuliko hata baadhi ya mapya. Haya yanatumia waya mmoja wa pini 7 na yanataka salamu ya Kijapani, yaani amri maalumu za kuanzisha mazungumzo.

Tuanze na vile vidude vidogo vya bluu au vyeusi vimeandikwa ELM327, Kariakoo unavipata chini ya elfu 40 na mtandaoni ni bei chee zaidi. ELM327 ya ukweli ilikuwa ni chipu ya kampuni ya Kanada inaitwa Elm Electronics, walitoa toleo la kwanza bila kulifunga lisinakiliwe, Wachina wakalinakili, na toka hapo dunia nzima imejaa kopi. Kampuni yenyewe ilishafunga biashara 2022. Kuna watu wanabishana v1.5 ni nzuri kuliko v2.1, ukweli ni kwamba Elm hawakuwahi kutoa ELM327 ya v1.5 kabisa, hilo ni jina la kopi, ila kichekesho ni kwamba kopi zilizoandikwa 1.5 mara nyingi zina amri nyingi zinazofanya kazi kuliko zilizoandikwa 2.1, ambazo nyingi zimekatwakatwa ndani mpaka zinashindwa waya wa pini 7. Zipo app za bure kwenye Android zinazohoji kidude amri moja moja na kukuonyesha zipi zimo na zipi hazimo, kabla hujalaumu gari pitisha kidude chako huko.

Je kina faida? Kinayo. Kama una gari ya 2009 kuja juu, unataka kujua tu taa ya injini imewaka kwa nini na kuangalia joto la maji kwenye simu ukiwa safari ndefu, kinatosha. Ila usikiache kimechomekwa usiku kucha. Pini ya 16 ina umeme muda wote hata ukizima gari, kidude kinanyonya betri taratibu, na blututhi yake inafunguka kwa 1234 kwa yeyote anayepita nje ya geti.

Wenye iPhone, sikilizeni hapa maana mnapigwa sana. Vile vidude vya blututhi ya kawaida haviongei na iPhone. Inabidi uchukue cha waifai au cha blututhi 4.0 ile ya BLE. Cha waifai kinafanya kazi ila simu ikishikamana nacho unakosa intaneti, ukitaka kugugo namba ya kosa inabidi utoke kwanza, inachosha. Chukua BLE.

Sasa kile ninachowashauri watu wengi kwa matumizi ya nyumbani ni kupanda ngazi moja tu. Kuna Vgate ya Shenzhen, wana iCar Pro na vLinker, bei ni kama dola 30 mpaka 60 kutegemea modeli, na hapo tofauti unaiona ndani ya dakika ya kwanza. Data inakuja haraka, haikatiki katikati, na vLinker inakubali kupokea firmwea mpya, ile programu ya ndani ya kidude. Juu yake kuna OBDLink za Wamarekani, wale wa Arizona, hizo zinatumia chipu yao wenyewe ya STN na ile MX+ inazidi dola 100. Ni kifaa kizuri mno, sina la kukisema vibaya, ila kwa mwenye Passo moja nyumbani naona ni hela nyingi kwa kazi ambayo vLinker inaifanya. Mwenye Ford Ranger au Mazda ndiye atakayeona utamu wa MX+ kwa sababu ina uwezo wa kuhamia kwenye ule mtandao wa pili wa pini 3 na 11 yenyewe, bila swichi ya kubonyeza. Kuna vLinker pia ya kazi hiyo hiyo, inaitwa FS, nafuu zaidi.

Upande wa app, Torque Pro ni jina kubwa na imekaa miaka mingi lakini mimi siku hizi namwambia kila mtu aanze na Car Scanner. Sababu ni moja kubwa, ndani yake kuna orodha ya magari na ukichagua Toyota unakuta na machaguo ya yale ya soko la Japani, yaani zile salamu za siri watu walikuwa wanaziandika kwa mkono kwenye Torque, ATIB96 na wenzake, wao wameshaziweka. Ukichagua sahihi na kidude chako kikawa na amri zote, hata Vitz ya zamani inaweza kufunguka. Inaweza, sijasema lazima. Ya bure inatosha kujaribia, ukiona inasoma gari yako ndio unalipia.

Ngoja nieleze kwa nini nakazania data ya moja kwa moja na sio kusoma namba tu. Jirani yetu mmoja, dada mwenye Rumion, taa ya injini iliwaka akaenda gereji, wakamuwekea mashine, ikatoka P0171, wakamwambia oksijeni sensa imekufa, lete laki na kitu. Hakuwa nayo siku hiyo, akarudi nyumbani. Jioni tukachomeka iCar Pro kwenye Rumion yake, P0171 ile ile kweli. Lakini P0171 haisemi sensa imekufa, inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Tukafungua ukurasa wa fyueli trimu, yaani kiasi cha mafuta ambacho kontroli boksi inaongeza au kupunguza. Gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, trimu ile ya muda mrefu inasoma juu ya asilimia 20 kwenda chanya, yaani kontroli boksi inaongeza mafuta kwa nguvu zote. Tukashika mafuta mpaka mizunguko 2500 tukasubiri, ikaanza kushuka mpaka kwenye 6. Hapo hadithi yote imeshasomeka. Kama pampu ya mafuta ni dhaifu au sensa ya hewa ni chafu, ukikanyaga hali inazidi kuwa mbaya, hapa inakuwa afadhali, maana yake kuna hewa ya wizi inaingia baada ya eakilina, na injini ikivuta hewa nyingi ile ya wizi inaonekana kidogo. Tukapulizia kabu klina, ile dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo kwenye mipira (injini ikiwa imepoa, na weka kizimia moto karibu, sio mchezo) na tulipofika kwenye mpira mdogo wa mvuke wa oili nyuma ya manifoldi, trimu ikadondoka pale pale kwenye simu na mlio ukabadilika. Mpira umepasuka upande wa chini, huuoni mpaka uushike na kidole. Bei ya mpira ule ni ya kununulia chipsi kuku. Oksijeni sensa yake ile ile bado iko kwenye gari mpaka leo.

Mashine ya laki nane ingeonyesha P0171 ile ile. Kwa hiyo kabla hujaangalia bei angalia kama kifaa kinakuonyesha trimu, oksijeni sensa ya mbele na ya nyuma, joto, na frizi fremu, ile picha ya hali ya gari wakati kosa linatokea. Na kwenye P0420, kosa la masega, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi, hapo ndio watu wanaliwa kweli kweli, mtu anaambiwa masega yamekufa yatolewe, wanayakata wanayauza maana ndani kuna madini ya bei, wewe unabaki na mlio na harufu na taa inabaki inawaka. Kabla ya masega cheki kwanza kama ekzosi inavuja mbele ya zile oksijeni sensa, na cheki sensa ya nyuma inachezaje.

Matumizi mengine ambayo watu hawayafikirii, kununua gari ya mkononi. Nenda na kidude mfukoni. Muuzaji mjanja anafuta makosa asubuhi kabla hujafika, dashibodi safi, lakini gari za OBD2 zinatunza kumbukumbu ya ukaguzi wa ndani, zile monita, zikifutwa zote zinarudi sifuri na zinahitaji gari itembee ndio zikamilike. Nyingi pia zinakwambia kilomita ngapi zimepita tangu makosa yafutwe. Ukikuta monita zote hazijakamilika na kilomita 4 tangu kufutwa, muulize tu kwa upole jana alikuwa gereji gani. Hapo vLinker yako imeshajilipa hela yake yote.

Haya, wenye Toyota za zamani ambazo kidude cha simu kimegoma kabisa. Kwenu ni Mini VCI, ule waya wa USB wenye nembo za TIS, pamoja na Techstream, programu ya Toyota wenyewe. Kwa Toyota ya Japani hakuna kinachoufikia kwa bei yake. Unaingia ABS, eabegi, giaboksi, eakondishen, unawasha feni ya rejeta ukiwa umekaa kwenye kiti, unajaribu solenoidi moja moja, unafanya zero pointi ya ABS baada ya kugusa sensa za usukani. Kwenye Prado na Hilux za injini ya dizeli ya 1KD ndio pa kuandika zile namba za nozeli mpya, herufi na tarakimu 30 kwa kila nozeli zimeandikwa kichwani mwa nozeli yenyewe, na kama fundi amekubadilishia nozeli bila kuziandika humo ndani usishangae gari inagonga na kutoa moshi wakati "kila kitu ni kipya".

Kero zake sasa. Ule waya ni kopi na CD inayokuja nao ni ya wizi, tuseme ukweli, Toyota wanaiuza Techstream kwa kujisajili kwenye tovuti yao na kwa muda mfupi unaweza kulipia. CD nyingi zimebeba virusi, kwa hiyo kama utaitumia iweke kwenye laptopu mzee isiyo na kitu chako cha maana na isiyoingia mtandaoni, Windows 7 ya biti 32 ndio inayopendana na madraiva yake, kwenye Windows mpya utahangaika kuhamisha mafaili kwa mkono. Kitu kingine kinachowashinda watu ni pale mwanzo inapouliza uko eneo gani. Ukichagua Amerika ya Kaskazini halafu gari yako imetoka Nagoya haitaunganika, chagua Japani au lile chaguo la nchi nyinginezo. Na kwenye magari haya ya Japani usitegemee mashine ijitambue gari yenyewe, hayana ile VIN, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17, yana chesisi namba kama NCP61 na kuendelea, kwa hiyo unachagua modeli, injini na mwaka mwenyewe kwa mkono. Ukikosea injini utasoma data za uongo na utaziamini.

Na kuna njia ya bure kabisa ambayo vijana wa siku hizi wameisahau. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile, zima gari, unganisha pini ya 13 na ya 4 kwa kiwaya, washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini itaanza kukonyeza, unahesabu mikonyezo unapata namba ya kosa, na ya ABS na eabegi zinakonyeza pia. Ila mkono usiteleze ukaenda 16. Hiyo ni betri.

Makampuni mengine nitapita haraka. Subaru za zamani, zile Forester SG5 na Impreza, kuna programu ya FreeSSM ya bure na waya wa USB wa KKL 409.1 ambao ni rahisi sana, na kwa Android kuna BtSsm. Nissan za zamani waya huo huo wa KKL unaenda na Nissan DataScan, zile mpya Car Scanner inatosha kwa kuanzia. Mazda Demio na wenzake, programu ya FORScan, wala usizunguke, ilitengenezwa kwa Ford lakini Mazda inaziingia mpaka ndani. VW na Audi, programu ya VCDS ya Ross-Tech ndio mfalme, waya halisi unaanzia kama dola 199 na umefungwa kwa idadi ya magari, zile kopi zake ukizigusisha na intaneti zikajisasisha mara nyingi zinakufa, au chukua OBDeleven ya Lithuania ambayo inatumia simu na ni nafuu kwa kuanzia. BMW za E90 unatafuta waya wa K+DCAN, za kizazi cha F kuja juu waya wa ENET ambao kimsingi ni waya wa mtandao wa kompyuta, na kwenye simu BimmerLink ya kusoma na BimmerCode ya kubadili mipangilio. Mwenye BMW anayebadili betri lazima airejesti, yaani aisajili, kwenye gari, la sivyo chaji inaendeshwa kwa hesabu za betri ya zamani, na kazi hiyo BimmerLink inaifanya ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Mwenye Aqua au Prius yeye ana dunia yake. Pakua Dr. Prius na kidude kizuri, angalia volti za bloku moja moja, yale mafungu ya seli ndani ya betri kubwa, wakati mtu mwingine anaendesha. Kosa la betri hiyo, P0A80, likitoka, gereji watakwambia betri nzima ibadilishwe, lakini mara nyingi unakuta bloku moja tu inadondoka mbali na wenzake ukikanyaga na kurudi juu kuliko wenzake ukifunga breki. Hiyo picha iweke kwenye simu yako kabla hujaenda kuongea bei na mtu. Kufungua betri yenyewe usijaribu, volti za mle zinaua.

Sasa matableti, Autel na Launch na Thinkcar, zile ambazo kila mtu anazitamani. Ni nzuri, sitaki kudanganya. Kifaa kimoja kinafungua Toyota, Benzi, Subaru, Pajero, unafuta taa ya sevisi, unatoa hewa ABS, unarudisha breki ya umeme nyuma. Lakini uliza maswali haya kabla hujatoa hela. Je hii modeli ina aktivu testi, yaani inaweza kuamuru gari na sio kusoma tu? Majina yanafanana sana, MK808 ziko za aina kadhaa na sio zote zinaamuru. Je apdeti ni bure miaka mingapi na zikiisha kifaa kinaendelea kufanya kazi na data za zamani au kinajifunga? Nyingi za Autel zinaendelea, baadhi ya vile vya blututhi vinavyotegemea simu vinakudai kila mwaka. Na je ni ya soko la nje? Ziko zinazoletwa na watu wa mizigo kutoka Guangzhou ambazo ni za soko la ndani la China, menyu ni Kichina, na siku ukijaribu kuiapdeti ukiwa Tabata inakataa kwa sababu ya eneo. Muuzaji atakwambia "itabadilika tu mkuu". Muambie aibadilishe mbele yako.

Kwa maoni yangu tableti ni ya mtu mwenye magari ya kampuni tofauti tofauti nyumbani au anayepata hela kidogo kwa kupima magari ya watu. Mwenye Toyota mbili tu atakuwa amenunua mashine ya kufungua mageti ambayo hana.

Tumalizie na kuprogramu, maana siku hizi kila mtu anataka "kuprogramu". Neno moja hilo hilo linabeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni kubadili mipangilio, milango ijifunge ukianza kutembea, taa zikae muda gani, kelele ya mkanda. Hicho fanya nyumbani bila woga, ila piga picha thamani ya zamani kabla hujaibadili. Cha pili ni kuifundisha gari upya baada ya kazi, kama Nissan ukishasafisha throto silensa inapanda mpaka 1500 na haishuki mpaka uifundishe upya hewa ya silensa, au giaboksi ya CVT baada ya kazi. Hicho nacho kinafanyika nyumbani, soma hatua zote mpaka mwisho ndio uanze, joto la injini na la giaboksi lazima lifike wanapotaka.

Cha tatu ni kumwaga programu mpya kwenye kontroli boksi, na hapo ndipo nasema pole pole. Umeme ukiyumba katikati kontroli boksi inabaki jiwe. Gari ikiwa na swichi imewashwa, feni na mapampu yanakula betri, volti zinashuka chini ya 12 na kazi inakatika. Wenye kazi yao wanatumia chaja maalumu ya kushikilia volti 13 na kitu bila kuyumba, na hiyo chaja nzuri mara nyingi ni ghali kuliko waya wenyewe wa kuprogramia. Chaja ya kawaida ya betri ya mtaani haifai, inatoa umeme wenye mawimbi. Na kama TANESCO wanakata mtaani kwenu mnavyojua wenyewe, laptopu iwe na betri nzima na hiyo chaja iwe na pa kujishikiza. Vidude vya blututhi usiviweke kwenye kazi hii hata kama app inakuruhusu, tumia waya.

Funguo na imobilaiza, ule mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo wake, ni suala jingine. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kuongeza wa pili kwenye Toyota nyingi Techstream inatosha, na ifanye leo kabla hujapoteza huo mmoja, kwa sababu ukibaki bila hata mmoja bei inaruka mara kadhaa na unaingia kwenye vifaa kama Autel za IM ambazo kwa nyumbani hazina maana yoyote. Magari mapya zaidi, Golf 8 na ndugu zake, yana kufuli la SFD, mipangilio yake mingi haibadiliki mpaka upate ruhusa kutoka kwenye seva za kiwanda, basi hata ukiwa na mashine ya milioni unahitaji na akaunti.

Mkienda Kariakoo kununua, nendeni na gari. Paki, chomeka, muuzaji akuonyeshe mizunguko ya injini ikitembea kwenye skrini, halafu akufungulie ABS. Mizunguko karibu kila kidude kitaonyesha, ABS ndio inayochuja. Akisema "hii inasoma zote bosi, nenda tu nyumbani", basi mwachie kifaa chake, duka la pili liko hatua tatu mbele.